Hatua ya Kumi na Mbili

Kama wiki hii daktari amekuambia figo zako zimechoka, na umerudi nyumbani ukakaa kitandani bila hata kuvua viatu, nakuandikia wewe. Sitakueleza figo hufanya kazi gani. Hayo utaelezwa mpaka uyachoke. Nataka kukuambia jinsi siku zinavyopita kwenye kile kiti cha mashine, na jambo moja nililolifanya nikiwa hapo, ili wewe usilifanye.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya msingi, Kimbo, na nyumba yetu iko Gatongora. Kila Jumatano baada ya masomo nilikuwa nafundisha watoto chesi. Kwenye ukuta wa chumba chetu cha chesi nilimwambia fundi wa rangi aandike kwa herufi kubwa: ASIYEKUBALI KUSHINDWA SI MSHINDANI. Kumbuka maneno hayo. Mimi nilikuwa nayasoma kila wiki na bado yalinipita.

Ugonjwa ulinianza kwa miguu. Januari, jua likiwa kali, viatu vilianza kunibana, nami nikaona dawa ni kununua vingine vikubwa. Februari uso ukavimba, watoto wakasema mwalimu amenona. Machi nilianguka ubaoni nikiandika sehemu za desimali. Niliamka hospitalini nimewekewa mpira wa kupitishia damu shingoni, na daktari kijana akaniambia kwa upole kwamba nitakuwa nasafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, huko Thika. Nikamuuliza mpaka lini. Akaangalia faili yangu, ingawa jibu halikuwa kwenye faili.

Hivyo ndivyo mvua za Aprili zilivyonikuta kwenye kiti namba nne.

Kiti chenyewe ni kama kile cha kinyozi, kina pa kuegemeza miguu panaposukumwa mbele au nyuma. Unapimwa kilo, unalala saa nne, unapimwa tena. Ukizidisha maji siku za katikati, mizani inakusema mbele ya watu wote. Kiu ndiyo iliyonitesa kuliko sindano. Nilipewa kikombe kidogo cha kunitosha siku nzima, nikawa nahesabu mafunda ya watu wengine. Mume wangu, Baba Njeri, nilimkataza kunywa chai mbele yangu. Akawa anainywa nje, amesimama nyuma ya tangi la maji kama mtu aliyeiba. Ni yeye aliyekuwa akinichemshia sukuma wiki mara mbili na kumwaga maji yake, ananipikia bila chumvi, kisha anaila pamoja nami bila kulalamika. Sikumshukuru hata siku moja. Nilimwambia tu kwamba imeiva sana.

Ngozi ilinigeuka rangi, ikawa nyeusi ya vumbi. Nilijikuna mpaka shuka zikawa na madoa. Chakula chote kilikuwa na ladha ya chuma. Ndiyo maana nilianza kubeba ule ubao wangu mdogo wa chesi wenye kete za sumaku: kichwa kilikuwa kiungo pekee ambacho bado kilinitii.

Muuguzi wetu, Sista Mwende, aliniona nao.

"Haiya, Mwalimu, na wewe unacheza hiyo?" akasema. "Kuna mzee wa Jumatatu na Alhamisi anaicheza pia. Yeye ndiye hulalia kiti hiki jioni, wewe unakikuta asubuhi yake."

Nilikuwa nimeshamjua mtu huyo bila kumwona. Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi nilikuta pa kuegemeza miguu pamesukumwa mbele kabisa, nami mfupi hivi nikalazimika kupavuta. Nilikuwa nikimnung'unikia.

Jumanne iliyofuata Sista Mwende akatoa daftari kwenye droo yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko uliolala, wa watu waliosoma zamani:

"Kwa jirani wa kiti namba nne. Mimi naitwa Wekesa, fundi wa mashine za kiwandani, nimestaafu. Kwetu ni Kimilili lakini Thika imenizeesha. Nikiwa kijana nilicheza chesi na kaka yangu kwa barua, hatua moja kila barua, na mchezo mmoja ulituchukua miaka mitatu. Nakuomba tucheze hivyo. Mimi nitaandika Jumatatu, wewe Ijumaa. Mchezo wa barua hauna refa, Mwalimu. Refa ni wewe mwenyewe. Naanza: askari wa mfalme, nyumba mbili mbele."

Ndani ya daftari alikuwa ameweka peremende moja ya tangawizi. Ilikata ile ladha ya chuma kwa nusu saa nzima.

Nilijibu Ijumaa, askari wangu akasimama uso kwa uso na wake. Jumatatu ya pili akanisogezea askari mwingine mdomoni, hana mlinzi. Watoto wangu nimewaambia mara ngapi kwamba cha bure kina bei yake? Nikamla. Wiki ya tano akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanywa na mtu mwenye akili timamu: farasi wake nilikuwa nimemtishia, na badala ya kumhamisha akamficha mfalme wake pembeni na kumwacha farasi aliwe. Chini aliandika: "Karibu, kula. Mgeni hula kwanza." Nilicheka mpaka mirija ikatikisika na mashine ikalia. Sista Mwende alikuja mbio.

"Wee, Mwalimu! Unataka kuniua na pressure?"

"Huyu mzee wako ni wazimu," nikamwambia. "Amenipa farasi bure."

Wiki zile zilikuwa nzuri, na nasema hivyo nikijua nilivyokuwa mgonjwa. Jumanne nilikuwa nanakili hatua yake, nabeba nyumbani, naiwaza nikichambua mboga, na Ijumaa naandika jibu. Nililala nikiwa na kitu cha kusubiri. Alikuwa akiongeza mstari mmoja au miwili kila mara. Mara mahindi yake nyuma ya nyumba yameota. Mara binti yake, Nekesa, amemnunulia blanketi zito, nalo linabaki kwa Sista. Mara aliuliza mpira wangu wa shingoni unaendeleaje, akaniambia nilalie upande wa kulia. Nikalalia upande wa kulia na maumivu yakapungua.

Kufikia Juni nilikuwa na kete nyingi kuliko yeye, na nilikuwa nakufa. Alivyovitoa vyote vilikuwa vimemnunulia nafasi. Kete zake zote zilikuwa zimeshatoka nyumbani, zangu nusu zilikuwa zimelala, na mfalme wangu alikuwa katikati ya ubao bila pa kujificha. Mimi ninayefundisha watoto! Nilianza kuchelewa kulala, nikawa mkali. Baba Njeri aliniuliza kama ni damu imechafuka au ni ule mchezo. Nikamwambia aende akanywe chai yake.

Kisha Julai ikaja na baridi yake, ule ukungu wa Gatongora usiotoka mpaka saa sita. Mpira wa shingoni ukaingia uchafu. Nilitetemeka kwenye kiti mpaka wakanishika wawili, nikapewa dawa kali zilizonitapisha wiki nzima. Jumanne ya wiki hiyo ndipo nilipokuta hatua yake ya kumi na mbili: farasi wake wa pili ameruka katikati ya ubao, mbele ya uso wangu. Niliutazama ubao nikaona kete zinaogelea.

Binti yangu Njeri alikuwa amekuja kutoka hosteli yake ya Kahawa Wendani kunisaidia. Alinikuta nalia juu ya ubao.

"Mum, si ni game tu," akasema. "Wacha niiweke kwa simu. Itakuambia in two seconds."

Ningemwambia hapana. Ningeandika kwenye daftari, "Mzee, ninaumwa, nipe wiki moja." Angenipa hata mwaka. Lakini nilitaka sana kumshinda mtu mmoja katika mwaka ule ambao kila kitu kilikuwa kinanishinda.

"Weka," nikasema.

Simu ikasema mfalme wangu atoke mwenyewe, nyumba moja kando, wala asijifiche. Hatua ya ajabu. Kwa watoto ningeichora mstari mwekundu, kwa maana mfalme hatembeitembei vitani. Lakini ilikuwa dawa, na Ijumaa nikaiandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Jumanne nilifungua daftari nikiwa na hamu. Hakukuwa na hatua. Kulikuwa na mstari mmoja: "Mwalimu, kabla sijaendelea naomba kuuliza. Mfalme wako ametembea kwa miguu ya nani?"

Nililifunga daftari upesi. Siku tatu nilitunga jibu, na katika siku hizo tatu sikuwaza hata mara moja kusema kweli. Ijumaa niliandika hivi, nami nanakili hapa bila kupunguza, ili unijue: "Mzee, mimi ni mwalimu. Sina haja ya kudanganya. Kama umeshindwa, kubali umeshindwa."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia Jumanne iliyofuata, Sista Mwende aliponinyooshea daftari nami nikashindwa hata kuligusa.

"Weka tu," nikamwambia. "Leo sina nguvu."

Ijumaa nikasema vivyo hivyo. Wiki ya pili pia. Nilijiambia nimekasirika, kwamba mzee amenivunjia heshima. Haikuwa hasira, ilikuwa aibu. Nilijua akishaniandikia kwamba amejua, sitakuwa na pa kujificha hata kwenye kile kiti, na kiti hicho nilikihitaji ili niishi.

Wiki ya tatu bomba la maji lilipasuka mtaani, na mashine haziendi bila maji. Wagonjwa wa Jumatatu wakasogezwa Jumanne pamoja nasi. Nilipofika, ukumbi wa kusubiria ulikuwa umejaa, watu wamevimba nyuso, wengine wamekaa sakafuni juu ya leso. Kwenye benchi la mbele alikaa mzee mrefu, miguu yake imenyooka mpaka katikati ya njia, watu wanairuka. Alikuwa akimumunya kitu. Niliisikia harufu ya tangawizi kabla ya kusikia jina lake likiitwa.

Nikaketi benchi la nyuma yake. Nilikuwa naziona nywele zake nyeupe shingoni na alama ya mpira wa zamani chini ya sikio. Nilivuta leso yangu mpaka kwenye nyusi.

Sista Mwende alipotokea mlangoni, mzee alimwuliza, "Sista, yule Mwalimu wa kiti changu hajafika leo? Nilitaka tu nimsalimu."

Sista Mwende alinitazama juu ya bega la mzee. Nikatikisa kichwa.

"Bado, Mzee," akasema, akageuka upesi kama mtu aliyeitwa.

"Haya. Akija mwambie mimi si mtu wa kisirani," mzee akasema.

Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Ningenyoosha mkono ningemgusa bega. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichonizuia, na jibu langu halibadiliki: nilikuwa nangoja aibu iishe kwanza. Aibu haiishi hivyo, ndugu yangu.

Jumanne iliyofuata nilipolala kitini sikulazimika kuvuta pa miguu. Palikuwa pale pale nilipopaacha Ijumaa. Ijumaa, hivyo hivyo. Na sasa nasema jambo ambalo sijamwambia mtu ila mume wangu: nilishukuru. Nilifikiri amehamishwa siku, nikaona nimepona na ile aibu.

Wiki iliyofuata pia pa miguu hapakusogea. Ijumaa yake mwanamke mmoja aliingia amevaa sweta nyeusi, mrefu, mwenye uso uliolala usingizi kidogo. Alikuwa amekuja kuchukua blanketi. Sista Mwende alimkumbatia muda mrefu, nami nikajua kabla ya mtu kusema.

"Papa alikuwa na rafiki hapa," mwanamke akasema, akitutazama wagonjwa mmoja mmoja kwenye viti vyetu. "Alikuwa anamwita Mwalimu. Nilitaka kumwona. Mwalimu ni nani?"

Sista Mwende akainama kukunja blanketi, hakunitazama.

"Ni mimi," nikasema.

Nekesa akaja akasimama kando ya mashine yangu. Alinishika mkono.

"Asante kwa kumchezea," akasema. "Unajua alikuwa amechoka na hii mashine tangu mwaka jana? Sisi tulikuwa tunamsukuma. Lakini mlipoanza hiyo game, mwenyewe anaamka, ananyoa ndevu. Anasema, 'Wacha nikaone Mwalimu ameleta nini.'"

"Na mwishoni?" nikauliza. Nilitaka kujua na sikutaka.

"Mwishoni alikataa kuja. Mara mbili. Alisema, 'Nikafanye nini huko, na mwenzangu wa kiti amenuna.' Alikuwa anacheka, lakini hakuja. Tukamleta kwa nguvu Ijumaa usiku, wakasema moyo umejaa maji."

Alisema bila lawama. Hakujua alichokuwa ananipa.

Alipoondoka nilimwomba Sista Mwende daftari. Akaniwekea juu ya tumbo.

"Mwalimu, nisikize," akasema. "Moyo wake ulikuwa umechoka kabla ya wewe kufika hapa. Nimemuona miaka. Usijibebeshe."

Inawezekana. Madaktari nao wamenieleza hivyo. Mimi najua tu kwamba mtu alikuwa na sababu moja ya kuamka Jumatatu na nikamnyima.

Nilifungua. Chini ya maneno yangu makali, Jumatatu ya wiki ile ya kwanza nilipokataa kuligusa daftari, alikuwa ameandika:

"Mwalimu, pole. Nimeuliza vibaya. Hata mimi na kaka yangu, kuna barua moja nilimpa padri anitafutie hatua, na kaka alinijua. Aliniambia turudi nyuma. Basi nasi turudi. Mrudishe mfalme nyumbani, hatua ya kumi na mbili uicheze tena. Icheze wewe, hata ikiwa mbaya. Nataka kucheza na wewe."

Jumatatu iliyofuata: "Sijaona mwandiko wako. Baridi imezidi, vaa soksi mbili."

Chini yake, siku ya ile Jumanne ya maji: "Leo nilidhani nitakuona."

Na wa mwisho kabisa, Alhamisi ya wiki hiyo hiyo: "Kama ni ugonjwa, pona kwanza. Mchezo hauozi." Pembeni kulikuwa na peremende, imeganda kwenye karatasi.

Nililia saa zote zilizobaki. Wagonjwa wenzangu waliniacha nilie. Kwenye viti vile watu wanajua kuacha mtu.

Hayo ni ya mwaka uliopita. Mvua fupi zimepita, na nyingine. Sasa damu yangu inapita kwenye mshipa wa mkononi, mpira wa shingoni umetolewa, na naweza kulalia upande wowote. Nimerudi shuleni siku tatu kwa wiki. Jumatano ya kwanza nilisimama chini ya yale maneno ukutani nikawaeleza watoto nilichofanya, na mmoja akaniuliza kama nitapewa adhabu. Baba Njeri anakunywa chai yake mezani, na mimi ninamwambia asante mpaka anashangaa. Hatari imepita, mashine imebaki. Na wewe, ukitunza siku zako, utafika hapa nilipo. Usizidishe maji, na umshukuru anayekuchemshia mboga. Na kama kuna mtu amekuandikia nawe unaona haya kumjibu, mjibu leo, haya yako ikiwa ingali mbichi.

Ijumaa ile aliyokuja Nekesa, kabla hawajanichomoa mashine, nilipanga ubao mdogo juu ya mapaja nikamrudisha mfalme nyumbani. Niliutazama mwenyewe, bila simu, kwa macho yaliyovimba. Nikaona hatua moja, ile ninayowafundisha watoto: mfalme ajifiche pembeni, ngome imkinge. Nilipoitazama vizuri nikaona itanipotezea farasi. Sikuona nyingine.

Nikaomba kalamu. Nikaandika: "Mzee Wekesa, miguu ilikuwa ya simu. Nilidanganya mara mbili, na ile Jumanne nilikuwa nimeketi nyuma yako. Nisamehe. Hatua ya kumi na mbili, yangu mwenyewe: mfalme anajificha pembeni." Sista Mwende akalirudisha daftari kwenye droo yake. Limo humo mpaka leo, na ni zamu ya Mzee.